Ukoka wa Babu na Mbwa Aliyeitwa Chenga

Juzi asubuhi jirani yangu mpya alipiga hodi hata chai sijaimimina. Mkono mmoja kashika mfuko wa mbolea, mwingine kashika kipande cha ukoka wa njano, na uso kaukunja kweli kweli. Ameotesha bustani mbele ya nyumba yake hapa Ifakara, majani mazuri ya kununua, na amefuga mbwa wa kumlinda. Sasa bustani imejaa mabaka ya njano, na alichotaka kuniuliza ni kama mfuko ule utatosha. Nilimtazama, nikautazama mfuko, nikacheka mpaka nikajishika kwenye fremu ya mlango. Maskini, akadhani namcheka yeye. Nikamwambia asithubutu kuufungua mfuko ule, aingie akae nimsimulie. Chai yetu ilipoa mezani, na alipoondoka nikajikuta bado nina mengi tumboni. Basi na wewe kaa hapo, ndugu yangu, uyasikie.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yake mama, upande wa barabara ya kwenda Kivukoni, enzi hizo daraja halijajengwa na mto unavukwa kwa pantoni. Kama umekulia huku unajua uwanja wa nyumba unavyotakiwa kuwa. Udongo mtupu, umefagiliwa alfajiri mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na jani likichomoza linang'olewa kabla mgeni hajaliona, maana majani ni ya nyoka, ndivyo tulivyoambiwa. Nyumba ya bibi peke yake ndiyo ilikuwa na ukoka mbele, kuanzia barazani mpaka kwenye uzio wa michongoma. Babu ndiye aliyeuotesha. Alifanya kazi ya kufyeka majani kwenye bustani za misheni kwa miaka mingi, na alipostaafu akaja nyumbani na gunia la vipando nyuma ya baiskeli. Walimcheka hadi basi. Ukoka ule ule ambao kila mtu anaamka na jembe kwenda kuung'oa shambani, mzee huyu anaubeba kwa baiskeli na kuupanda mlangoni kwake! Wengine walisema jua la misheni limempiga kichwani.

Babu alifariki mimi nikiwa mdogo sana, lakini ukoka wake niliujua vizuri. Jioni tuliulalia, mimi na kaka yangu, tumeshiba wali na samaki kitoga wa kuchemsha, mgongo unawasha kidogo na hatujali. Siku ya kufyeka harufu yake iliingia mpaka jikoni. Bibi mwenyewe zamani aliwahi kuupinga, mama mdogo alitusimulia, lakini babu alipoondoka ukoka ukawa roho yake. Huu ni mkono wa babu yenu, alikuwa akisema, na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuupitia na baiskeli, hata padri. Na kweli padri aliwahi kushuka akaisukuma.

Mama mdogo alikuwa kitinda mimba wa bibi, bado yuko nyumbani, msichana wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Siku moja alikwenda mashineni kukoboa mpunga, akarudi na ndoo ya mchele kichwani na kitu kinachotikisika ndani ya kanga yake. Alikuwa mtoto wa mbwa, jike, pua nyeupe kwa pumba. Alimkuta chini ya mashine ya kukobolea akilamba chenga za mchele zilizomwagika, wala hana mwenyewe. Sisi tukamwita Chenga hapo hapo. Bibi akasema mbwa huyo halali kwake hata siku moja, akaingia ndani, akatoka na sufuria iliyobaki mchuzi wa dagaa, akaiweka chini bila kumwangalia mtu. Toka siku hiyo alimwita mbwa wenu. Mbwa wenu kala sabuni. Mbwa wenu kaiba kichwa cha samaki. Ungedhani yeye hahusiki naye kabisa.

Masika yote Chenga alikua na hakuna aliyeona tatizo. Mvua ikimwagika kila siku, nani angejua mbwa kakojoa wapi? Mvua zilipokatika na mpunga kuanza kuvunwa, ndipo tulipoanza kuona mabaka ya njano kwenye ukoka wa babu. La kwanza karibu na baraza, la ukubwa wa sinia. Kesho yake lingine. Chenga naye kwa joto lile alijifukulia kitanda karibu na uzio, akawa analala humo miguu juu, na ukoka alioung'oa umetupwa pembeni.

Sasa hapa ndipo penyewe. Sisi ni watu wa mpunga. Mtoto wa huku, hata kabla hajajua kusoma, anajua kwamba mpunga ukiwa wa njano una njaa, na wenye njaa hupewa mbolea. Bibi alisimama juu ya lile baka, mikono kiunoni, akalikagua anavyokagua jaruba lake la mpunga, akatoa hukumu kwamba ukoka wa babu una njaa. Akaingia stoo, akatoka na urea iliyobaki msimu ule, akatushika mkono mimi na kaka akatufundisha kuirusha kwa vidole vitatu. Tulirusha kwa furaha, tulifanya kazi ya watu wazima! Baada ya siku chache majani yale ya njano yakawa meupe, kisha yakawa makapi. Mabaka yakatanuka. Bibi akasema njaa ni kubwa kuliko alivyofikiri, akaongeza.

Wakati huo huo habari njema ikafika nyumbani. Kijana mmoja wa kijiji cha Mbingu alikuwa amempenda mama mdogo, na watu wake walituma neno kwamba baada ya mavuno watakuja kujitambulisha. Unajua kujitambulisha kulivyo. Wanakuja wazee wao na mshenga wao, wanakaa, wanaangalia kila kitu bila kugeuza shingo, na wakirudi kwao wanaeleza mpaka rangi ya mapazia. Bibi alishaamua kwamba wageni watatandikiwa majamvi pale pale kwenye ukoka, ili waone mzee wa nyumba ile alikuwa mtu wa namna gani. Na ukoka wenyewe sasa umekuwa kama mbuzi mwenye upele. Akakasirika bibi yetu, akakasirika sana, na hasira ikaanguka kwa Chenga, maana kulala kwenye shimo alionekana na macho ya wote.

Kulikuwa na mfugaji mmoja Msukuma, makazi yake ng'ambo ya mto, aliyekuwa akituletea maziwa kwa baiskeli. Tulimwita Baba Maziwa. Mtu mpole, anamwamkia bibi "mwangaluka mayu" na bibi anaitikia kwa Kisukuma cha kubahatisha. Siku nyingi alikuwa akimsifu Chenga kifua chake, akisema fisi wanamsumbua kwenye zizi na mbwa wa namna ile angemfaa. Asubuhi moja bibi alimpa jibu mbele yetu. Siku ya wageni aje na kamba. Wageni wakiukuta ukoka umepona, mbwa anabaki. Wakikuta mabaka, Chenga anavuka na pantoni.

Mimi na kaka hatukula mchana ule. Kaka alisema fisi wa ng'ambo ni wakubwa kuliko punda, na mimi nililia hadi kwikwi. Mama mdogo akatukuta nyuma ya jiko, akatucheka kwanza, ndivyo alivyokuwa, halafu akakaa chini na sisi. Akasema Chenga ni wake, yeye ndiye aliyembeba, na hawaondoki yeye na mbwa katika mwaka mmoja, nani atabaki na mama?

Aliyegundua mambo alikuwa bibi mwenyewe, na aligundua akiwa ananung'unika. Jioni moja alikaa barazani akichambua mchele, macho kwenye lile baka la kwanza. Akatuita. Akatuonyesha kwamba kati kumekufa, lakini pembeni kuna duara la ukoka wa kijani kibichi, umerefuka kupita mwingine wote. Akasema hilo duara amewahi kuliona. Mwaka mmoja mfuko wa urea ulipasuka kwenye tuta la shamba lake, na pale ulipomwagika majani yaliungua, na kuzunguka pale yakastawi ajabu. Basi akamtazama Chenga, akautazama ukoka, akaweka ungo chini. Kumbe mkojo wa mbwa ndio urea yenyewe! Ukoka haukuwa na njaa. Ulikuwa umevimbiwa, na sisi tumekuwa tukiushindilia chakula. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akafuta kwa ncha ya kanga, akasema babu huko aliko anashika kichwa.

Kuanzia hapo tulifanya kazi, ndugu yangu, na sijawahi kufanya kazi tamu namna ile. Kwanza tuliyamwagia mabaka maji, ndoo kwa ndoo kutoka kisimani, asubuhi na jioni, mpaka bibi aliporidhika kwamba ile chumvi ya mkojo na urea imezama. Kisha tukakwangua majani makavu, tukatoa udongo wa juu, tukajaza mwingine mzuri. Kisha kaka akaenda nyuma ya nyumba, ambako ukoka ulikuwa umetambaa mpaka chooni, akakata vitambaazi vyenye pingili, tukaviloweka kwenye beseni. Na kuvipanda? Unadhani bibi angepanda vipi? Alileta kamba ya shambani, ile ile ya kupandikizia mpunga, akaivuta kutoka kigingi mpaka kigingi, tukainama mstarini na kurudi kinyumenyume, pingili moja chini, ncha moja juu. Mama mdogo aliongoza nyimbo za shambani kana kwamba tuko kwenye jaruba la heka nzima, kumbe ni baka la kukalia mtu mmoja. Wapita njia walisimamisha baiskeli kuangalia. Tulipomaliza tulifunika kila baka kwa tenga bovu la kuku ili Chenga asilifikie, na uwanja ukajaa matenga.

Kwa Chenga tuliandaa choo. Nyuma ya migomba kaka alimwaga mchanga wa mtoni, na bibi akasema tuchanganye na ule udongo tuliouchota kwenye mabaka, ili akinusa ajue ni pake. Alfajiri, kabla hata ya kupiga mswaki, kaka alimpeleka huko kwa kamba, akafanya haja yake, akapewa kichwa cha dagaa na kusifiwa kama mtoto aliyeshinda mtihani. Kwa ajili ya joto tulimchimbia shimo lake chini ya mpera, tukalilowanisha, akahamia huko mwenyewe bila kuambiwa. Na njia aliyokuwa akikimbia pembeni ya uzio kubwekea baiskeli, hiyo bibi alisema haiwezekani kumzuia, mbwa lazima abweke, tukaitandika vipande vya matofali ya kuchoma.

Lakini mbwa ni mbwa. Siku nyingine alijisahau katikati ya ukoka, na hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Nilikuwa na kopo langu barazani, limejaa saa zote. Yeyote aliyemwona Chenga anachuchumaa alitakiwa kupiga kelele ya maji, nami nikurupuke nimwage pale pale kabla hapajakauka. Mara moja mama mdogo alipiga ukelele huo kwa sauti yake ile, na jirani wa nyuma akaruka uzio na ndoo mbili, bila shati, akiuliza moto uko wapi. Alituona tumesimama tukimwangalia mbwa. Bibi ilibidi amkaribishe uji.

Ikafika siku ya wageni. Tuliondoa matenga asubuhi. Pingili zilikuwa zimeshika, zote zimechipua, lakini hazijajazana. Badala ya mabaka ya njano tulikuwa na vijaruba vya kijani, mistari imenyooka, udongo unaonekana katikati. Bibi alizunguka, akatazama, hakusema umepona na hakusema haujapona. Alitandika majamvi pembeni yake. Chenga akafungwa nyuma ya jiko, na sisi tukakatazwa kukanyaga mbele ya wageni. Na Baba Maziwa, mtu wa ahadi, akaja mapema, baiskeli akaiegemeza uzioni, kamba ikining'inia kwenye kiti.

Wageni waliketi, wakaamkiwa, shikamoo zikapokewa. Shangazi wa kijana, mama mnene mwenye miwani, hakuketi. Aliinama kwenye kile kijaruba cha karibu na baraza, akagusa ncha za ukoka kwa kidole, akauliza nani kapandikiza. Bibi akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni wajukuu. Mama yule akanyoosha mgongo, akasema mistari imenyooka, akaketi. Sisi jikoni hatukujua hilo ni jambo zuri au baya.

Mshenga akasimama kusema yao. Alikuwa amefika pale pa ua zuri waliloliona kwa mbali ndipo Chenga akatokea, kamba aliyoitafuna inaburuzika. Alipita katikati ya majamvi akitikisa mkia kwa wote. Akafika kwenye ukoka mzima, ule usiokuwa na doa hata moja, mbele ya viatu vya mshenga. Akanusa. Akazunguka. Kaka akanishika mkono mpaka ukauma, maana tulizijua dalili zile kuliko jina letu. Akachuchumaa.

Nilikuwa na kopo mkononi na marufuku miguuni. Nikamwona bibi, na kitenge chake kipya na kilemba chake, ananyanyuka kwenye kigoda katikati ya maneno ya mshenga. Akachukua jagi la kunawia wageni. Akatembea taratibu kama anayekwenda kupokea komunyo, akamsubiri Chenga amalize, akamwaga jagi zima pale pale, akageuka akaketi.

"Endelea, baba," alimwambia mshenga. "Tunakusikiliza."

Mshenga alijaribu, kweli alijaribu. Kisha mama mwenye miwani akaanza kutikisika mabega, na kikatoka kicheko kilichowabeba wote, na ndani ya chumba, ambako bibi harusi mtarajiwa anatakiwa kutulia na kuona haya, mama mdogo alicheka mpaka dirisha likatetemeka. Mshenga alipopata pumzi alisema nyumba ambayo hata mbwa akijisaidia anamwagiwa maji, binti yake hawana haja ya kumuuliza maswali. Jambo likaisha hapo. Wali ukaletwa, na jagi likajazwa upya.

Jioni wageni wamekwenda, Baba Maziwa akasogea barazani, amevua kofia.

"Mayu, nilikuja na kamba, kama ulivyosema."

"Nimeiona, mwanangu," bibi alisema. "Irudishe kwenye baiskeli, uje ule. Mbwa wangu haendi popote."

Kaka alinifinya. Kasema wangu, alininong'oneza, umesikia, kasema wangu! Baba Maziwa wala hakukasirika. Alikula sahani ya wali iliyojaa, akaahidiwa mtoto Chenga akizaa, na alipewa kweli, wa kiume, akamvusha na pantoni ndani ya kikapu cha maziwa.

Mama mdogo aliolewa Mbingu. Kaka akaenda shule ya bweni, nami nikamfuata. Siku hizi mto unavukwa kwa daraja na pantoni imebaki hadithi ya watu wa rika langu. Bibi hayupo tena, na pale kwake wamepanga vitofali vya saruji kutoka uzio hadi baraza, pasafi, pagumu, pikipiki zinaegeshwa. Sisemi ni vibaya. Wenye nyumba ni wengine na wana mambo yao. Lakini nikipita siangalii.

Chenga alikufa kwa uzee mimi niko sekondari. Nilikuja likizo nikaukuta ukoka wa babu umekamilika. Sijawahi kuuona hivyo, kijani kitupu, umesawazishwa, huwezi kujua tulipandikiza wapi. Nilimsifu bibi, nikamwambia hata misheni hawana ukoka wa namna hii. Alikuwa anatembea juu yake polepole, miguu mitupu, ameinamisha kichwa, kutoka uzio mpaka baraza na kurudi. Nikamuuliza amepoteza nini nimsaidie kutafuta.

"Baka," alisema. "Hata moja tu, la njano. Nimeamka nalitafuta, na halipo."

Nikavua viatu, nikaanza kutafuta naye.